Nani Anamdhamini Mgeni? Siri ya Kulala Bure kwa Watu Usiowajua

Karibu mwaka 1331, msafiri Mmoroko Ibn Battuta alipofika Mogadishu kwa jahazi akitokea Zeila, alikuta utaratibu uliomvutia kiasi cha kuuandika kwa kina. Kila chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja akamkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakufikia kwingine ila kwa kijana huyo, isipokuwa kama aliwahi kuja mara nyingi na alikuwa anajulikana mjini, ambapo aliachiwa afikie alikotaka. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizohitaji, na mtu aliyempunja mgeni bei, au aliyefanya naye biashara bila mwenyeji wake kuwapo, mauzo yake hayakutambuliwa. Ibn Battuta mwenyewe hakuchukuliwa na kijana yeyote, kwa sababu ilipojulikana kwamba ni mwanachuoni alihesabiwa mgeni wa kadhi, akapelekwa kwanza kumsalimu sultani na kisha akapewa nafasi katika nyumba ya wanafunzi wa dini.

Leo msafiri anaweza kufika Lisbon au Seoul, mahali ambapo hana ndugu wala jamaa, akalala kwa mtu ambaye hajawahi kumwona na akaondoka bila kulipa senti. Wengi wanaposikia habari hizi huuliza swali la bei: inakuwaje mtu akupe kitanda bure, naye anafaidi nini? Nadhani swali hilo halitufikishi mbali, kwa kuwa kitanda chenyewe hakimgharimu mwenyeji sana. Ni shuka moja ya kufua, sahani moja ya ziada na maji ya kuoga. Kilicho ghali ni shaka. Mwenyeji hajui anamfungulia nani mlango, na mgeni hajui analala nyuma ya mlango wa nani. Kila mpango wa kulala bure uliowahi kudumu umedumu kwa sababu ulipata jibu la swali jingine, yaani ni nani anayemdhamini mgeni mbele ya mwenyeji, na mwenyeji mbele ya mgeni. Katika Mogadishu ya karne ya 14 jibu lilikuwa wazi: mwenyeji alisimama badala ya mgeni mbele ya mji mzima, na mji mzima ulimtazama mwenyeji.

Katika karne ya 20 jibu hilo ilibidi litafutwe upya, kwa kuwa wasafiri walikuwa wengi na miji waliyoiendea haikuwajua. Jaribio la kwanza kubwa lilianzia Denmark mwaka 1949, miaka minne tu baada ya Vita Kuu ya Pili, likiongozwa na Bob Luitweiler, Mmarekani aliyefungwa nchini kwake kwa kukataa kushika silaha katika vita hiyo. Yeye na wenzake waliamini kwamba watu waliokwisha kula meza moja na kulala paa moja watakuwa wagumu kupelekwa kuuana, na chama chao, ambacho baadaye kiliitwa Servas, kiliweka masharti ambayo hadi leo yanastahili kusomwa kwa makini. Anayetaka kusafiri kwanza huhojiwa ana kwa ana na mwanachama wa nchi yake. Akiridhisha, hupewa barua ya utambulisho yenye muda maalumu, ambayo huibeba na kumwonyesha kila mwenyeji. Kwa kawaida hukaa siku mbili, na fedha hazipiti kati ya mgeni na mwenyeji. Tangu mwaka 1973 chama hicho kimekuwa na hadhi ya ushauri katika Umoja wa Mataifa. Udhamini wake ni wa mtu aliyekaa na mwombaji, akamtazama usoni, kisha akaweka saini; ni wa polepole, na ndiyo maana Servas haikuwahi kuwa kubwa sana.

Waesperanto, yaani wasemaji wa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa na isiyo ya taifa lolote, walipita njia nyingine. Wazo lililozaliwa Argentina mwaka 1966 lilizaa, mwaka 1974, kijitabu cha Pasporta Servo, chenye anwani za watu walio tayari kuwapokea wasafiri kwa sharti moja kubwa, kwamba mgeni aseme Kiesperanto. Sharti hilo linaonekana dogo, lakini linafanya kazi kubwa, kwa sababu hakuna anayejifunza lugha isiyo na nchi kwa ajili ya kupata kitanda cha bure; aliyeijifunza amekwisha kuonyesha kwamba ana subira na kwamba anawaamini watu asiowajua. Waendesha baiskeli nao walianzisha Warm Showers mwaka 1993, ambako mtu anayefika mlangoni na baiskeli iliyosheheni mizigo na miguu yenye vumbi amejitambulisha vya kutosha.

Intaneti ilikuja na tatizo jipya. Iliwezesha watu milioni kufikiana kwa siku moja, lakini hakukuwa na wahojaji milioni. Hospitality Club, tovuti iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2000, ilitumia pasipoti: mgeni aliandika namba yake katika ombi, na mwenyeji akaihakiki mlangoni. CouchSurfing ilikwenda mbali zaidi. Mwanzilishi wake, kijana wa Kimarekani aitwaye Casey Fenton, alipata tiketi ya bei nafuu ya kwenda Iceland mwaka 1999, akawaandikia barua pepe wanafunzi wapatao 1,500 wa Chuo Kikuu cha Iceland akiomba mahali pa kulala, na akajibiwa na wengi kuliko alivyoweza kuwatembelea. Tovuti yenyewe ilifunguliwa mwaka 2004, na miaka miwili baadaye hifadhidata yake iliharibika vibaya kiasi kwamba Fenton alitangaza kuwa mradi umekwisha. Wanachama walikataa. Baadhi yao walikuwa wamekusanyika Montreal, na kwa kujitolea waliujenga upya. Tukio hilo la mwaka 2006 linaeleza kwa nini wanachama wengi waliihesabu tovuti hiyo kuwa mali yao, na kwa nini yaliyofuata yaliwauma.

Udhamini wa CouchSurfing ulikuwa na tabaka tatu, na kila moja lilithibitisha jambo tofauti, ingawa watumiaji wengi waliyachanganya. La kwanza lilikuwa uhakiki wa kulipia: mwanachama alilipa ada kwa kadi ya benki, kisha akatumiwa kwa posta kadi yenye namba ya siri. Hilo lilithibitisha jina na anwani. Halikusema lolote juu ya tabia, kwani mtu mbaya naye ana anwani. La pili lilikuwa dhamana ya mwanachama kwa mwanachama, ambayo haikuruhusiwa kutolewa ovyo: hukuweza kumdhamini mwenzako mpaka wewe mwenyewe uwe umedhaminiwa na watu watatu. La tatu, na ndilo lililobaki kuwa nguzo hadi leo katika karibu kila tovuti ya aina hii, ni tathmini zinazoandikwa hadharani, mgeni akimwandikia mwenyeji na mwenyeji akimwandikia mgeni.

Hapa msomaji asimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo wasafiri wengi hudanganyika. Tathmini za wazi huwa nzuri kupita kiasi, na sababu yake haihitaji ubaya wa mtu yeyote. Aliyekula chakula chako na kulala chini ya paa lako huona haya kukuandikia vibaya mbele ya ulimwengu, tena akijua kwamba nawe unaweza kumwandikia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliochambua takwimu za CouchSurfing walionyesha mwaka 2010 kwamba kutoa alama hadharani na kwa jina huzisukuma alama hizo kwenda juu. Kwa hiyo aliyefurahi huandika kurasa, na aliyekosa raha mara nyingi haandiki kitu, au huandika mstari mmoja wa baridi kwamba nyumba ni safi na iko karibu na kituo cha basi. Msomaji mwangalifu hutafuta mistari hiyo ya baridi. Huangalia waliopokelewa ni akina nani. Mwenyeji mwanamume mwenye tathmini hamsini ambazo zote zimeandikwa na wasichana wenye umri wa miaka ishirini na kitu amejieleza waziwazi, hata kama kila neno ni la sifa. Mwanamke anayesafiri peke yake asome kwanza walichoandika wanawake wenzake, na asihesabu kuwa ni utovu wa adabu kumwandikia mmoja wao na kumuuliza kwa siri.

Tahadhari hii ina sababu. Mwaka 2009 huko Leeds, Uingereza, mwanamke msafiri alibakwa na mwenyeji aliyempata kupitia CouchSurfing, na mtu huyo akafungwa miaka 10. Mjini Padova, Italia, aliyewapokea wasichana na kuwanywesha vileo vyenye dawa alikuwa askari wa carabinieri, jeshi la polisi la Italia, mtu ambaye kazi yake ingeweza kumtosha mgeni kama dhamana, na alihukumiwa mwaka 2015. Matukio haya ni machache yakilinganishwa na idadi ya watu waliolala salama, lakini uchache wake haumsaidii aliyepatwa. Ndiyo maana kanuni za wazoefu ni zilezile kila mahali: kutana na mwenyeji kwanza mahali penye watu, mwachie ndugu au rafiki anwani kamili, na usianze safari bila fedha za kulala gesti angalau usiku mmoja katika kila mji. Fedha hizo ndizo zinazokupa uhuru wa kusema asante na kuondoka. Asiye na uhuru huo hawezi kuchagua, na mwenyeji mbaya humtambua haraka.

Kanuni hiyo inagusa pia jambo la kisheria. Anayelipia chumba, hata kwa mtu binafsi, ana mkataba. Akifukuzwa usiku wa manane anaweza kudai. Anayelala bure hana dai la namna hiyo. Mwenyeji anaweza kubadili nia saa ya mwisho, mama mkwe anaweza kufika bila taarifa, mtoto anaweza kuugua, na mgeni hana la kufanya ila kubeba mkoba wake. Mwenyeji naye akivunjiwa runinga hana kampuni ya kumlipa.

Nirudi kwenye CouchSurfing, kwa kuwa historia yake inafundisha jambo ambalo masharti ya Servas hayakuwahi kulifikiria. Mwaka 2011, baada ya mamlaka ya kodi ya Marekani kuukataa kama shirika la hisani, mradi uligeuzwa kampuni ya biashara na kupokea dola milioni 7.6 kutoka kwa wawekezaji. Mei 2020, wakati janga la korona lilikuwa limesimamisha safari duniani, wanachama wa nchi nyingi walifungua ukurasa na kukuta lango: lipa dola 2.39 kwa mwezi au 14.29 kwa mwaka, la sivyo huingii. Fedha hizo si nyingi, na seva haziendeshwi kwa dua. Ninaloliona kuwa kosa ni kwamba lango hilo liliwafungia watu nje ya sifa zao wenyewe. Mwenyeji aliyepokea wageni kwa miaka kumi alikuwa amejikusanyia ushahidi wa wema wake kwa shuka, chai na usingizi aliokatiza, na ushahidi huo hakuweza kuuhamishia kwingine. Dhamana iliyotolewa na watu ilikuwa imekuwa mali ya kampuni.

Kwa sababu hiyo, anayeanza leo afahamu kwamba yako mashirika yasiyo ya faida yanayofanya kazi hiyohiyo bila ada. BeWelcome ilianza mwaka 2007 na inaendeshwa na chama cha wanachama kilichosajiliwa Ufaransa. Trustroots ilianza mwaka 2014 miongoni mwa vijana wanaosafiri kwa kuomba lifti. Couchers ilizaliwa mwaka 2020, moja kwa moja kutokana na hasira ya lango lile. Yana wanachama wachache zaidi, na katika miji mingi ya Afrika utakuta majina machache tu, baadhi yao ya watu walioacha zamani.

Kuna mipango mingine inayotajwa pamoja na hii ingawa ni ya aina nyingine, na kuichanganya kumewaponza watu kwenye viwanja vya ndege. Kubadilishana nyumba ni mkataba wa wenye nyumba wawili. Kufanya kazi shambani kwa malazi na chakula, kama inavyofanyika kupitia mtandao wa WWOOF tangu mwaka 1971, au kulinda nyumba na paka wa mtu aliye likizo, machoni pa maofisa wengi wa uhamiaji ni ajira, hata kama hakuna senti inayotolewa. Mwaka 2022 mwanamke kutoka Australia alizuiwa Los Angeles na kurudishwa kwao baada ya kueleza kwamba anapitia hapo akienda Kanada kumtunzia mtu paka. Mwalimu Nyerere mwaka 1962 aliunukuu msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akieleza wajibu wa kila mtu kufanya kazi. Lakini kwa mwenye viza ya utalii jembe hilo linaweza kumfukuzisha nchini.

Kuhusu muda wa kukaa, desturi za kwetu zimekwisha kufanya kazi ambayo tovuti zinahangaika nayo. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaweka haki ya mgeni kuwa siku tatu, yanayozidi hapo ni sadaka, na inamkataza mgeni kukaa hadi amtaabishe mwenyeji wake. Ujenzi nao ulisaidia. Nyumba kongwe za mawe za Lamu zina daka, yaani ukumbi wa kuingilia, na baraza mlangoni, na wengine walikuwa na sabule, chumba cha wageni kilichowekwa karibu na mlango, ili mgeni akae kwa heshima bila kuingia ndani walimo wanawake wa nyumba. Mgeni alijua mpaka wake kwa kuuona ukutani. Nyumba za kupanga za Tandale, Dar es Salaam, au Umoja, Nairobi, hazina sabule, kwa hiyo mpaka huo sasa inabidi usemwe: chumba gani, saa ngapi mlango unafungwa, pombe inaruhusiwa au hairuhusiwi, jikoni kuna nani. Mwenyeji anayeyaandika hayo kabla mgeni hajaja anamtendea hisani, na mgeni anayeyauliza kabla ya kuja hajamdhalilisha mtu.

Mwenyeji wa kwetu ana deni jingine, la majirani. Tanzania ina mjumbe wa nyumba kumi na serikali ya mtaa, na Kenya ilizindua mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013 kwa sababu za usalama. Kumpeleka mgeni akajitambulishe kunamwondolea mwenyeji maneno ya pembeni, na kunampa mgeni macho ya mtaa mzima, kinga ambayo hakuna programu ya simu inayoweza kuitoa. Wageni wa Kizungu wanaona ajabu jambo hili, lakini Italia humtaka yeyote anayempokea mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya atoe taarifa kwa maandishi ndani ya saa 48.

Linabaki jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote kwa msomaji wa Kiswahili. Mipango hii yote hutegemea mzunguko: sikulipi wewe uliyenilaza, bali nitamlaza mwingine kwangu, na ipo siku mwingine atakulaza wewe. Mzunguko huo hukatika kwenye dirisha la ubalozi. Mfaransa anayekuja Dar es Salaam huomba viza mtandaoni, hulipa dola 50, na katika fomu huandika anwani ya mwenyeji wake. Mtanzania anayetaka kulala bure Lyon hana budi kuonyesha mahali pa kufikia, na ikiwa ni nyumbani kwa mtu, mwenyeji sharti aende ofisi ya meya, aonyeshe kwamba nyumba ina nafasi, alipie stempu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa euro 30, na atie saini kwamba atabeba gharama za mgeni akishindwa kujitunza. Hapo serikali yenyewe imeuliza swali la udhamini, na imedai jibu ambalo mtu mliyejuana naye kwa ujumbe mbili tatu hawezi kulitoa, wala hapaswi kulaumiwa kwa kutolitoa. Matokeo yake ni kwamba wapo vijana wa Nairobi na Zanzibar waliopokea wageni kutoka nchi nyingi na ambao hawajawahi kulala kwa hata mmoja wao.

Kwa hiyo mahali ambapo mzunguko unaweza kufungika kwa haki ni hapa hapa. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania hana nafuu hiyo, lakini pasipoti au hati ya muda humfikisha kote huko bila foleni ya ubalozi. Kampala, Kigali, Bujumbura, Mombasa na Mwanza ziko mwendo wa basi, na lugha ya kuzungumza mezani ipo. Sharti la Waesperanto lilikuwa kujifunza lugha ili kuonyesha nia. Sisi tunayo tayari, nayo inaenea kutoka Lubumbashi hadi Muscat. Kinachokosekana ni kazi ndogo ya utawala aliyoifanya Luitweiler: watu wawili au watatu katika kila mji walio tayari kumhoji kijana anayetaka kusafiri, kumwandikia barua, na kuikumbuka saini yao atakaporudi.